Shemine Isiyotoa Moshi Tena



Mwezi huu ninataka tutembee pamoja. Hatuendi mbali. Wewe unayesoma gazeti hili kule Likasi, Kipushi, Kambove, Fungurume ao Kolwezi, njoo nami kwa mawazo mpaka Lubumbashi. Na wewe mkaaji wa Lubumbashi, usiseme: «Mimi mji wangu ninaujua.» Mara nyingi mtu hajui kitu anachokipita kila asubuhi akienda sokoni.

Tusimame kwanza upande wa Kamalondo, karibu na njia ya reli. Inua macho. Unaona shemine ndefu, na kando yake kilima cheusi kisicho na mti hata mmoja. Kilima hicho hakikuumbwa pamoja na vilima vingine vya Katanga. Ni mabaki ya mawe ya shaba yaliyoyeyushwa motoni tangu mwaka 1911. Wababu zetu walikimwaga pale, gari kwa gari, mchana na usiku. Tangu miaka ya 2000 kimechimbwa tena, kwa kutafuta kobalti iliyobaki ndani yake. Hata takataka ya zamani ina bei leo.

Siku moja nilikuwa ninapita pale pamoja na watoto wa masomo ya Siku ya Mungu. Mmoja wao, miaka yake labda 11, akaniuliza: «Baba pasta, kile kintu kirefu njo cha nini?»

Nilishangaa sana. Mimi nilizaliwa chini ya moshi wa shemine ile. Kwetu watoto ilikuwa kama saa, na ilikuwa pia kama sufuria ya mji mzima: moshi ukipanda, tulijua kwamba wababa wako kazini na unga utapatikana. Lakini mtoto huyu hakuuona moshi huo hata siku moja. Kwake ni ukuta mrefu tu, mwembamba, usio na nyumba. Nilipotaka kumjibu, niliona maneno yangu ni machache. Ni kwa sababu hiyo ninawaandikia.

MJI ULIOZALIWA NA SHABA

Wazee wa zamani waliijua shaba mbele ya Wazungu kufika. Waliiyeyusha, wakaifanya misalaba midogo iliyotumiwa kama pesa. Kisha mwaka 1906 kampani ya Union Minière du Haut-Katanga ikaundwa. Mwaka 1910 reli ikafika kutoka kusini, na katika mwaka uleule mji wa Elisabethville ukaanzishwa. Mwaka 1911 tanuru likatoa shaba yake ya kwanza. Kwa hiyo hapa kwetu kiwanda hakikuja kukaa ndani ya mji. Mji njo ulikuja kukaa kando ya kiwanda.

Mwanzoni watu wa kazi walikuja kwa mkataba mfupi. Wengi waliugua, wengi wakafa, wengine wakakimbia. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampani ikabadili mawazo yake. Ikaona ni heri mtu wa kazi akae kambini pamoja na bibi yake na watoto wake. Ikajenga nyumba, hospitali, masomo, na foaye ambamo wamama walifundishwa kushona na kupika. Ikatoa mposho. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampani, akasoma kwa kampani, akajifunza kazi ya baba yake, akaoa, akapewa nyumba ya kampani. Ndiyo maana watu walizoea kusema: «Kampani njo baba, njo mama.»

Lakini tuseme ukweli wote, maana ukumbusho wa nusu ni uongo wa nusu. Baba yule alikuwa na fimbo. Kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa watu weusi liliachwa shamba tupu la mita 500 hivi, kwa kuwaza kwamba imbu wa malaria hawezi kuruka zaidi ya hapo. Mwaka 1929 watu wa kazi waliagizwa kuleta nzi 50 kila siku mbele ya kupewa mposho. Waza, mwanaume mwenye watoto, jioni anafukuza nzi ili apate chakula! Na tarehe 9 Desemba 1941, watu wa kazi walipogoma kwa kuomba mshahara wa kutosha, askari waliwapiga risasi penye uwanja wa mpira. Wengi walikufa.

Hayo yote ni yetu: nyumba na hospitali, nzi na risasi.

BABA ALIPOANGUKA

Mwaka 1967 serikali ikaitwaa kampani, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa bado tani 476,000 hivi za shaba. Kisha mambo yakageuka upesi. Katika Septemba 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ukaporomoka. Mwaka 1991 mji ukaporwa. Miaka ya 1992 na 1993 jirani akamfukuza jirani, na ndugu zetu wengi wa Kasai wakalala siku nyingi kwenye vituo vya reli, pamoja na watoto wao na vyombo vyao, wakingoja treni. Kufika mwaka 1994, shaba iliyotoka ilikuwa tani kama 30,000 tu. Miaka ya 2003 na 2004, kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, watu zaidi ya 10,000 waliacha kazi ya Gécamines. Mpango huo uliitwa kuondoka kwa mapenzi ya mtu mwenyewe.

Msomaji, usifikiri kwamba watu hao walipoteza mshahara tu. Mtu wa kazi akiulizwa «Wewe njo nani?» alizoea kutaja kiwanda chake na matrikile yake. Watoto wake waliitwa watoto wa kampani. Kambi ilikuwa kijiji chake. Sasa akiulizwa, atajibu nini? Na mtoto wake atajibu nini?

Nitawaambia jambo la nyumbani kwetu, hata kama linanipa haya. Baba yangu mzazi alikuwa mchomeaji wa vyuma, katika kampani ndogo moja iliyotengenezea viwanda vyombo. Viwanda vikubwa vilipodhoofika, ile ndogo ikafunga mlango. Baba akarudi nyumbani na kaske yake ya kazi, akakaa chini ya mwembe. Jioni alikuwa anaanza kusimulia: moto ulikuwa namna gani, nani aliungua mkono, wimbo gani waliuimba wakivuta chuma kizito. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka masomo ya Biblia, mwenye moto mwingi na akili kidogo. Nilimkatiza. Nilimwambia: «Baba, mambo ya zamani yamekwisha. Tuangalie mbele.» Niliwaza kwamba ninamhubiri.

Alinyamaza. Hakusimulia tena. Mama aliigeuza kaske, akaiweka uani, na kuku wakawa wanakunywa maji ndani yake. Baba alikufa mwaka 2009, na masimulizi yake tukayazika pamoja naye.

WATU WA PICHA

Sasa tuiache reli, tuingie ndani ya mji. Ninataka uwajue watu ambao sisi wa kanisa tumewahesabu mara nyingi kama watu wa bure: wachoraji, wapiga foto, watu wa teatre.

Kazi yao hapa si ya jana. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya kuchora iliyoitwa Hangar. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, na Bela aliyechora kwa vidole vyake bila burashi. Wao walichora zaidi samaki, ndege, majani na wawindaji.

Miaka ya 1970 wakatokea wachoraji wengine, wa kartie, waliouza picha zao kwa watu wa kawaida. Kama uliingia katika salon ya mtu wa kazi, uliona picha ukutani. Labda ni mamba muntu. Labda ni watu wanapigwa fimbo wakati wa ukoloni. Labda ni kiwanda chenyewe, na shemine yake, na moshi wake, na kilima cheusi. Watu waliziita picha kama hizo kwa neno moja zuri la Kiswahili: ukumbusho. Maana yake, si pambo tu. Ni kitu kinachofanya wageni waulize na baba wa nyumba aanze kusimulia.

Mmoja wao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya inchi yetu katika picha zaidi ya 100, akazieleza moja moja kwa Kiswahili chetu cha hapa mbele ya mtaalamu Johannes Fabian. Hata vifo vya mwaka 1941 alivichora. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hajulikani alikokwenda. Lakini picha zake zimebaki, na mwaka 1996 zikatolewa ndani ya kitabu.

Mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kati yao profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wakaanza kazi iliyoitwa Mémoires de Lubumbashi. Hawakuanza na wakubwa. Waliingia katika kartie, wakaomba wakaaji waonyeshe vitu vya nyumbani walivyovitunza na kusema maana yake. Vitu vile na maneno yale vikaonyeshwa katika nyumba ya makumbusho ya mji. Sikia vizuri: kitu cha mama wa kambi kikawekwa pale pale panapowekwa vitu vya wafalme.

Mwaka 2006 Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1978, akatengeneza picha nyingi chini ya jina moja, Mémoire. Alichukua foto za zamani za watu wa kazi, akawakata, akawasimamisha mbele ya foto mpya za viwanda vilivyoharibika. Watu hawana rangi, ni weusi na weupe tu, kama foto za wakati ule. Nyuma yao kutu na vyuma vina rangi zote.

Mwaka 2008 yeye na wenzake, kama mwandishi Patrick Mudekereza, wakaanzisha mikutano iliyoitwa Picha, ambayo imekuwa Biennale ya Lubumbashi. Wasanii wa hapa na wa inchi nyingine wanakutana, vijana wanafundishwa, kazi zinaonyeshwa. Mwaka 2022 neno kubwa la mkutano lilikuwa sumu. Sisi wa migodi hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo. Tunalijua kwa maji yetu na kwa vumbi la njia zetu. Tena yuko Jean Katambayi Mukendi, aliyesomea umeme, ambaye anatengeneza mashine za ajabu kwa kartoni na nyaya. Ufundi wa kiwanda haukufa kwake, ulihamia mahali pengine.

SIKU NILIYOENDA KUWAONYA VIJANA

Nilisikia kwamba vijana wawili wa kwaya yetu wanaenda kwenye maonyesho hayo. Nikawaza: sasa wataingia katika mambo ya dunia. Nikawafuata ili niwaonye. Niliingia na Biblia chini ya kwapa, na uso umekunjamana.

Mbele ya picha moja ya Baloji alikuwa amesimama mzee mmoja wa pansioni, koti lake limefungwa vifungo vyote. Vijana wangu walikuwa pembeni yake. Mzee alikuwa anaonyesha kwa kidole: «Hapa njo tulikuwaka tunapitia. Pale kulikuwaka mashine, ilikuwa inalia sana. Wee, ukiongea na mwenzako, unamufanyia alama kwa mukono tu.» Kijana akamwuliza: «Na kama mutu anaumia, papa?» Mzee akanyamaza kidogo, kisha akakunja mkono wa koti, akawaonyesha kovu lake.

Nilisimama nyuma yao labda saa nzima. Sikuwaonya. Niliwaza juu ya baba yangu na mwembe wake. Yule mzee alikuwa anampa kijana wa watu wengine kile ambacho mimi nilikikataa bure mikononi mwa baba yangu. Nilitoka nje, nikalia kama mtoto, karibu na gari la mtu nisiyemjua.

MAWE KUMI NA MAWILI NA NYOKA WA SHABA

Wengine wataniuliza: «Pasta, mambo haya yana nafasi gani kanisani?» Ni ulizo zuri. Fungua Biblia yako.

Soma Yoshua 4. Israeli wanavuka Yordani, na Mungu anawaamuru watoe mawe 12 katikati ya mto. Si kwa kujenga nyumba, wala si kwa kuuza. Ni ili siku moja watoto wayaone na waulize, na wababa wajibu. Mungu mwenyewe njo alitaka ulizo la mtoto. Basi yule mtoto wa 11 aliyeniuliza juu ya shemine hakunisumbua. Alifanya kazi yake. Mimi njo sikufanya yangu.

Soma tena Kutoka 31. Yule Besaleli aliyejazwa Roho wa Mungu hakuwa mhubiri. Alikuwa fundi wa zahabu, feza na shaba. Shaba, ndugu zangu! Mkono unaochora na kuchonga si mkono wa shetani kwa sababu tu unachora.

Lakini soma pia 2 Wafalme 18. Musa alitengeneza nyoka wa shaba jangwani, na watu wakaponywa. Kilikuwa kitu chema, kitu cha ukumbusho. Miaka mingi ikapita, na watu wakaanza kumfukizia yule nyoka uvumba. Mfalme Hezekia akamvunja vipandevipande.

Wapendwa, hapa ndipo roho ya jambo hili. Sisi wa mji wa shaba tunaweza kutunza vitu vyetu kama mawe ya Yoshua ao kama nyoka wa shaba. Nimesikia wazee, na hata wazee wa kanisa, wakiongea juu ya kampani kama mtu anavyoongea juu ya Mungu: ilitupa chakula, ilitupa nyumba, itarudi. Wanaketi wakiingoja, na watoto wao wanakua bila kufundishwa kazi. Huo si ukumbusho, ni uvumba. Na kuna wengine, kama mimi ujanani, wanaotaka kuyatupa mawe yote mtoni. Wote wawili wanamnyima mtoto jibu.

YENGA MOJA ALASIRI

Baada ya siku ile vijana waliniomba tufanye kitu kidogo ndani ya paroisi yetu. Tulitangaza kwamba yenga ijayo, kisha ibada, kila nyumba ilete kitu kimoja cha kazi ya zamani na iseme maana yake. Vijana watachora ukutani, kwa makaa na chokaa, yale wanayoyasikia.

Niliwaza watakuja watu kumi. Ukumbi ulijaa. Mama mmoja mjane alileta sahani ya chuma aliyoipokelea mposho. Mwingine alileta kitambaa alichokishona foaye akiwa bibi-arusi. Wazee walileta vipande vya matrikile, viatu, taa za mgodi. Wamama walicheka sana wakikumbuka mistari ya mposho, nani alisukuma nani.

Kisha mzee mmoja akatoa foto ya timu yao ya mpira, ya miaka ya 1980. Akaanza kutaja majina, mmoja mmoja, kutoka kushoto. Alipofika kwa mtu wa nne akasema: «Huyu alienda na treni.» Wa saba: «Huyu naye, treni.» Golikipa: «Treni.» Hakuna aliyeuliza treni gani. Wote tulijua ni treni ya kwenda Kasai. Mzee akasema tena, pole pole: «Huyu golikipa tulikuwa tunaimba naye kwaya hapa hapa. Siku walikuja kumutosha mu nyumba, nilifunga dirisha langu.»

Ukumbi wote ulinyamaza. Sikuwa nimetayarisha maombi kwa jambo kama lile. Tulipiga magoti tu. Kijana mmoja akachora ukutani dirisha lililofungwa. Mpaka leo sijaruhusu mtu alipake rangi juu yake.

Karibu na mwisho, msichana wa miaka 13 hivi akainua mkono. Akasema: «Baba pasta, papa yangu ni creuseur. Hana matrikile, hana kaske, hakukuwa Gécamines. Kitu chake kitawekwa wapi?» Watu wengine walicheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilikumbuka kartie ya Kasulo kule Kolwezi, ambapo tangu mwaka 2014 watu walichimba mashimo ndani ya parseli zao wenyewe, kwa sababu kobalti ilikuwa chini ya nyumba. Sisi tulikuwa tunakumbuka kazi ya jana, na kazi ya leo ilikuwa imeketi nyuma ya ukumbi, imevaa nguo zenye vumbi, inaona haya.

Nilimwambia: «Binti yangu, nenda uilete.» Alikimbia, akarudi na toshi ya kichwani ya baba yake na mfuko mtupu. Tuliviweka mezani, kati ya sahani ya mposho na kiatu cha mzee. Naye baba yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia akaketi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi kanisani kwetu.

KABLA YA KUAGANA

Msomaji mpendwa, labda huko kwenu hakuna makumbusho wala biennale. Si kitu. Una meza, una ukuta, una wazee ambao bado wanapumua. Kijana, mwulize babu yako mwaka huu, usingoje mwaka ujao. Chukua karatasi, chora anachokuambia, andika majina. Usimwulize mema tu. Mwulize pia juu ya fimbo, juu ya treni, juu ya dirisha. Mzazi, mtoto akikuuliza juu ya shemine, usimfukuze. Na wewe mtumishi wa Mungu mwenzangu, usikatize mtu aliye chini ya mwembe.

Nilirudi nyumbani kwa mama, nikaiomba ile kaske. Ilikuwa imepasuka upande mmoja, na ndani imeota kitu cha kijani. Mama aliniuliza: «Sasa kuku watanywea wapi?» Nikamnunulia beseni. Kaske iko leo juu ya kabati ya vitabu vyangu, karibu na Biblia. Watoto wangu wameniuliza ni ya nani. Ninawasimulia yale machache niliyosikia mbele ya kumkatiza baba. Ni machache sana. Yanakwisha upesi, na wanasema: «Endelea, papa.» Na mimi sina la kuendelea.

Mungu awabariki, awape masikio.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu kuna kitu gani cha kazi ya zamani? Nani anaweza kusimulia habari yake?

2. Soma Yoshua 4 na 2 Wafalme 18:1-4. Tutajuaje kama tunakumbuka ao tunaabudu?

3. Kuna jirani ao ndugu ambaye tulimfungia dirisha? Tunaweza kufanya nini leo?

4. Watoto wetu wakiulizwa «Ninyi njo wa nani?», tungependa wajibu nini?